Mgongo, shingo na mabega vinauma? Mwongozo kamili wa kurekebisha mkao kwa kuusikiliza mwili

Mwambie mtu yeyote "kaa vizuri" uone anachofanya. Atavuta mabega nyuma, atatoa kifua, atabana tumbo, shingo inakakamaa, pumzi inakatika, halafu simu ikiita tu kashasahau na karudi kule kule kujikunja. Na wewe unayesoma hapa nina uhakika umeshajiweka sawa kidogo kwenye kiti. Rudi tu ulivyokuwa, mimi sipo kwenye biashara ya kumwambia mtu anyooke, maana kunyooka kwa nguvu ni kuuongezea kazi mgongo ambao tayari umechoka.

Ninachotaka kukuelekeza ni masomo ya kuutambua mwili. Mengi unayafanya umelala kwenye mkeka, polepole, kwa mijongeo midogo mpaka mtu akipita atadhani umesinzia, na kazi kubwa hapo ni kuhisi, sio kutoa jasho. Wazo lenyewe ni hili: mkao wako mbaya hautokani na uvivu. Ubongo umezoea kuiamuru misuli fulani ikaze kutwa nzima, huku wewe mwenye mwili huna habari, na huwezi kulegeza kitu ambacho hujui kama umekikaza. Ukishakihisi, mara nyingi kinalegea bila kulazimishwa, mifupa inabeba uzito wake na mkao unabadilika bila wewe kujilinda kutwa nzima.

Haya mambo yametoka wapi

Watu wawili ndio wanatajwa sana. Wa kwanza ni F. M. Alexander, mzaliwa wa Tasmania kule Australia, 1869, msanii wa kughani jukwaani ambaye sauti ilikuwa inamkatikia katikati ya kazi. Alienda kwa madaktari, akaambiwa apumzishe sauti, akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inaondoka tena. Akajiuliza, basi kuna kitu nafanya mwenyewe nikiwa naghani. Akaanza kujiangalia kwenye vioo akakuta kabla hata hajatoa neno anavuta kichwa nyuma na kukandamiza koo, tena alikuwa hahisi kabisa kama anafanya hivyo. 1904 akahamia London na akafundisha mpaka alipofariki 1955.

Wa pili ni Moshe Feldenkrais, amezaliwa 1904 Slavuta, ambayo leo iko Ukraine. Huyu alikuwa injinia na mwanafizikia, amefanya kazi Paris kwenye maabara ya mwanasayansi Joliot-Curie, na alikuwa mtu wa judo wa kweli kweli. Goti lake liliharibika, hakuvutiwa na operesheni kwa sababu matokeo ya enzi hizo hayakuwa ya uhakika, akaanza kujisoma mwenyewe kama injinia anavyosoma mashine, anahama uzito taratibu, anaangalia nyonga inafanya nini goti linapouma. Baadaye akawa anafundisha madarasa Tel Aviv, watu wamelala chini yeye anaongea tu bila kuonyesha mfano, maana hakutaka wamuige. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israel, na ile picha yake maarufu ya 1957 akiwa amesimama kichwa chini miguu juu ufukweni alikuwa na umri wa miaka 70 na kitu.

Je, inasaidia au ni porojo? Kwa upande wa Alexander kuna utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ukachapishwa kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2008, watu 579 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopata masomo 24 ya ana kwa ana, baada ya mwaka walikuwa na siku 3 za maumivu kwa kila wiki 4, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa na siku 21. Hizo ni namba za katikati, sio kwamba kila mtu alipona, na walikuwa na mwalimu aliyesomea anayewagusa na kuwaelekeza, kwa hiyo usitegemee kwamba kusoma tu hapa utapata matokeo hayo hayo. Kwa upande wa Feldenkrais tafiti zipo ila ni ndogo ndogo. Mimi naona inatosha kumfanya mtu ajaribu, hasa kwa kuwa gharama yake ni mkeka na nusu saa.

Kabla hujalala chini

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na karibu asilimia 90 ya maumivu hayo ni yale yasiyo na ugonjwa mahususi unaoweza kuuonyesha kidole. Hayo ndiyo masomo haya yanayalenga. Ila ile asilimia inayobaki ipo na ni hatari kuichezea.

Kama mkojo au choo kimeanza kutoka bila wewe kujua au mkojo umegoma kutoka, kama sehemu za siri na katikati ya mapaja pamekufa ganzi, kama mguu unaishiwa nguvu au unaburuza, hiyo ni dharura, nenda hospitali leo hii na sio Jumatatu. Vile vile kama maumivu yalianza baada ya ajali au kuanguka, kama una homa, kama unakonda bila sababu na usiku unatokwa jasho la kulowanisha shuka, kama uliwahi kutibiwa saratani, au maumivu yanazidi usiku ukiwa umetulia. Na hapa kwetu niongeze la TB. Watu wengi wanajua TB ya mapafu tu, lakini inaingia pia kwenye uti wa mgongo, inaanza kama maumivu ya kawaida ya mgongo, mtu anachuliwa, anapewa dawa za maumivu miezi na miezi, na pingili zinaendelea kuliwa. Usikubali kuchuliwa mgongo miezi yote hiyo bila kupimwa.

Mjamzito usilale chali muda mrefu hasa mimba ikishakua, fanya masomo ya kiti peke yake, la tatu na la nne. Mwenye mifupa dhaifu au aliyefanyiwa operesheni ya mgongo au nyonga, muulize kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Unachohitaji na jinsi ya kufanya

Mkeka, au zulia, juu yake tandika blanketi moja. Godoro halifai, linazama, na wewe unataka sakafu ngumu ikuambie wapi unagusa na wapi hugusi. Khanga mbili zilizokunjwa za kuweka chini ya kichwa kama kidevu kinaelekea juu ukilala. Nguo isiyobana, mkanda vua, simu weka kimya, usiwe umetoka kula ugali sasa hivi.

Sasa masharti, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa sababu wamezoea mazoezi ya gym.

Fanya kidogo. Kama unaweza kusogeza kiungo sentimita 10, sogeza 5, halafu punguza tena. Sababu sio uoga. Beba ndoo ya lita 20 iliyojaa halafu mtu akuongezee kikombe cha maji, hutajua kama kuna kitu kimeongezeka, lakini ukiwa umeshika glasi mkononi ukaongezewa hicho hicho kikombe utashtuka. Nguvu ikiwa kubwa, hisia inapungua. Hii sio hekima ya mtaani, ni kanuni aliyoigundua Mjerumani Ernst Weber karne ya 19 na Feldenkrais aliitegemea sana. Kwa hiyo ukitumia nguvu kwenye masomo haya unajiziba masikio mwenyewe.

Fanya polepole kiasi kwamba unaweza kusimama popote katikati ukarudi. Pumzi isikatike, ukijikuta umebana pumzi au umekaza taya, umeshazidisha. Pumzika kila baada ya mijongeo kumi hivi, na kupumzika ni sehemu ya somo, hapo ndipo ubongo unapanga mambo. Na ukifika kwenye maumivu ujue umepita, rudi nyuma mpaka pale ambapo hapaumi ufanyie kazi hapo. Kama kila mjongeo unauma hata ukiwa mdogo, basi usifanye, fikiria tu kwamba unafanya. Utasema hii sasa ni uchawi, lakini jaribu, fikiria unanyanyua mkono wa kulia bila kuunyanyua, utahisi bega likijiandaa.

Somo la kwanza: kujikagua

Lala chali, miguu imenyooka, mikono pembeni, macho yafumbe. Dakika kumi. Hakuna cha kurekebisha, narudia, hakuna cha kurekebisha, unakagua tu kama mtu wa bima anavyokagua gari.

Anza na visigino. Kipi kinakandamiza sakafu zaidi, na kinagusa katikati au kwa pembeni? Vidole vya mguu vinaangalia wapi, kulia na kushoto vinalingana? Panda kwenye vigimbi, nyuma ya goti kuna uwazi kiasi gani, panya angepita au mende tu? Makalio, upande upi mzito? Kiuno, hapa wengi wana uwazi, tafuta unaanzia wapi na unaishia wapi. Mgongo wa juu, bapa la bega la kulia na la kushoto, lipi limelala na lipi limening'inia. Kisogo, kinagusa katikati au kimeelekea upande mmoja. Halafu taya, ulimi, kope.

Mara ya kwanza utashangaa jinsi upande mmoja ulivyo tofauti na mwingine. Fundi cherehani anayekanyaga pedali kwa mguu mmoja, kinyozi anayenyanyua mkono ule ule kutwa, mama aliyembeba mtoto kwenye nyonga ya kushoto miaka, kila mmoja sakafu itamsoma. Usiogope, hakuna binadamu aliyelingana pande zote. Kumbuka tu picha hiyo kwa sababu mwisho wa kila somo utarudi kulinganisha.

Wiki ya kwanza fanya hili peke yake. Najua linaonekana halina maana. Kuna watu hili tu linawapunguzia maumivu, kwa sababu wanagundua hata wakilala chali sakafuni bado wamenyanyua mabega.

Somo la pili: saa ya nyonga

Hili ndilo somo la kiuno, na kama utachagua moja tu chagua hili, kwa hiyo nitakaa hapa.

Baada ya kujikagua, kunja magoti, nyayo ziwe chini, zimeachana upana wa nyonga, mbali kidogo na makalio kiasi kwamba magoti yanasimama yenyewe bila kushikiliwa. Kama yanayumba sogeza nyayo mpaka yatulie. Sasa fikiria saa ya ukutani imelazwa chini ya nyonga yako, namba zake zinaangalia juu na wewe umeilalia. Naongelea namba zilivyochorwa: 12 iko upande wa kichwa, pale kiuno kinapokutana na nyonga. 6 iko chini kwenye kifandugu. 3 iko kushoto kwako na 9 kulia.

Anza na 12 peke yake. Bingirisha nyonga taratibu uzito uende kwenye 12, kiuno kinasogea kuelekea sakafu, ule uwazi unapungua, halafu acha irudi katikati. Sio kunyanyua makalio, makalio yanabaki chini, ni mbingirisho tu. Fanya mara kumi hivi, kila mara ukitafuta jinsi ya kupunguza nguvu. Umetumia tumbo? Umebana makalio? Jaribu bila kubana makalio, sasa kazi inafanywa na nani? Jaribu kusukuma kidogo sana kwa nyayo, kama vile unataka kuisogeza sakafu mbali, uone nyonga inabingirika kwa urahisi kiasi gani. Hapo wengi ndio wanashtuka, kumbe mjongeo wa kiuno unaweza kuanzia mguuni.

Pumzika, nyoosha miguu kama unataka.

Rudi, sasa 6. Uzito unaenda kwenye kifandugu, kiuno kinainuka kidogo. Wenye maumivu ya kiuno mwelekeo huu unaweza kuwasumbua, basi fanya robo tu. Mara kumi. Kisha unganisha, 12 kwenda 6 na 6 kwenda 12, bila kusimama ghafla mwisho. Ukishazoea hamisha akili kwenye kidevu. Kinafanya nini nyonga ikienda 12? Na ikienda 6? Sikwambii, angalia mwenyewe, ila kama kichwa hakisogei kabisa hata kidogo basi kuna mahali kati ya nyonga na shingo umepafunga. Mara nyingi ni mbavu, mtu amebana pumzi. Toa pumzi kwa mdomo mara mbili, endelea.

Pumzika tena, safari hii ndefu.

Halafu 9 na 3. Uzito unaenda kulia, kalio la kulia linazama, la kushoto linakuwa jepesi, magoti yanaegemea kidogo sana na yanarudi. Kisha kushoto. Bila shaka upande mmoja utateleza na mwingine utakwama, na hapa silika ya mtu ni kuhangaika na upande uliokwama. Usifanye hivyo. Rudi kwenye upande rahisi, ufanye mara kadhaa kwa makini, hisi mbavu zinafanya nini, shingo inafanya nini, halafu ndio uende upande mgumu ukiwa na hayo uliyojifunza. Upande mzuri ndio mwalimu wa upande mbaya.

Mwisho zungusha saa yote, 12, 1, 2, 3 mpaka urudi 12. Utakuta kuna namba unaziruka, labda kati ya 4 na 6, uzito unatoka hapa unatua pale bila kupita katikati. Rudi kwenye kipande hicho tu, 4, 5, 6, 5, 4, polepole. Kisha zungusha kinyume. Duara liwe dogo la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda kisha likue kidogo, kubwa sio lazima.

Nyoosha miguu, jikague tena. Uwazi wa kiuno umebadilika? Miguu imelala tofauti? Kisha bingirika ubavuni, inuka kwa kutumia mikono, simama, tembea chumbani bila haraka. Usiamke kwa kujifyatua mbele kama unakimbizwa, utaharibu kazi yote.

Somo la tatu: shingo na macho

Hili la kiti, linafaa ofisini wakati wa chai. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu mpaka 5 hivi, na ukikiinamisha mbele kwenye simu misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia muda wote isianguke, sasa wewe hesabu masaa yako ya TikTok.

Kaa mbele ya kiti, usiegemee, nyayo zote chini. Geuza kichwa kulia taratibu mpaka pale panapokwenda kwa raha tu, angalia pua inaelekea wapi, weka alama, swichi ya taa, msumari, kona ya dirisha. Rudi katikati.

Geuza kichwa kulia na macho yabaki yanaangalia mbele, mara tano sita, laini. Pumzika. Sasa geuza kichwa kulia huku macho yanaenda kushoto, hapa utajiona mjinga kidogo, mara tano. Macho na misuli midogo ya chini ya kisogo imezoea kufanya kazi pamoja na hapa unawavunjia ile ndoa kwa muda. Pumzika, fumba macho. Halafu geuza mabega, kifua na kichwa vyote kulia kwa pamoja huku macho yamebaki mbele. Halafu geuka kulia na kuliacha goti la kushoto liteleze mbele kidogo na la kulia lirudi nyuma, makalio yanahama kwenye kiti. Watu wengi wanaoumwa shingo wanageuka kwa shingo peke yake, na huku chini wamejigandisha, mgongo mzima umekaa likizo na shingo inafanya kazi ya wote.

Sasa geuza kichwa kulia kawaida kama mwanzo. Ile swichi ya taa umeipita, sivyo? Wengi wanaipita, na hakuna msuli uliovutwa hata mmoja.

Kwa kushoto, usifanye chochote, kaa tu ufikirie hatua zote kwa mpangilio ule ule, kisha geuka uone. Ukisikia kizunguzungu au ganzi inashuka mkononi acha, hiyo shingo ikaonwe.

Somo la nne: kukaa na kuinuka

Kaa kwenye kiti kigumu, ingiza viganja chini ya makalio, utakuta mifupa miwili. Hiyo ndiyo miguu yako ya kukalia. Toa mikono. Bingirika nyuma ya mifupa hiyo, mgongo unajikunja, kichwa kinashuka, huo ndio mkao wa sofa. Bingirika mbele yake, kiuno kinaingia ndani, kifua kinatoka, huo ndio mkao wa mtu aliyeambiwa kaa wima. Nenda mbele na nyuma mara nyingi, ukipunguza kila safari, mpaka utulie mahali katikati ambapo kichwa kinakuwa chepesi na huhitaji kushikilia. Hapo hapana alama, utaitafuta upya kila siku, na ukikaa hapo dakika kumi ukachoka egemea kiti, hakuna ubaya. Hakuna mkao mmoja mtakatifu wa kukaa masaa nane, mgongo unachotaka ni kubadilishwa badilishwa.

Kuinuka sasa. Weka kiganja cha mkono mmoja kisogoni, juu ya shingo. Fikiria unataka kuinuka, usiinuke. Umehisi shingo imekaza? Kichwa kimevutwa nyuma? Ndicho Alexander alichokiona kwenye vioo vyake, mwili unajibana kabla hata kazi haijaanza. Kaa, acha lile wazo lipite, fikiria tena kuinuka huku shingo umeiacha. Rudia mpaka kuwe na tofauti. Kisha rudisha nyayo nyuma mpaka chini ya magoti, egama mbele kutokea kwenye nyonga sio kiunoni, pua ipite juu ya vidole vya miguu, uzito unahamia kwenye nyayo na makalio yanakuwa mepesi yenyewe. Hapo umeshainuka tayari. Kipimo chake ni kwamba unaweza kusimama popote katikati ya safari ukarudi kukaa bila kudondoka. Kama lazima ujirushe, bado unatumia nguvu. Wazee wanaolalamika magoti nao wanaweza kujaribu hapa.

Kuyapeleka kwenye maisha

Huwezi kulala kwenye mkeka nusu saa halafu masaa 14 yanayobaki ujibane, haitafika popote. Chagua shughuli moja kwa wiki. Moja tu.

Mtu wa bodaboda, unaposubiri abiria shuka kwenye pikipiki, na ukiwa unaendesha kagua viwiko na taya, wengi wanaendesha mabega yakiwa masikioni. Dereva wa daladala au bajaji toa pochi kwenye mfuko wa nyuma, umekalia kitu kimoja kutwa na nyonga imepinda, halafu unashangaa mguu unawaka. Fundi cherehani, pandisha kiti kwa mto ili uegame kwa nyonga badala ya kukunja shingo. Wa kompyuta, panga vitabu chini ya skrini. Wa simu, leta simu juu, viwiko vikae mbavuni.

Kufua. Beseni likiwa chini kabisa na wewe umesimama umekunja mgongo, hata mimi nisingekuahidi nafuu. Weka beseni juu ya stuli, au ukiinama acha magoti yalegee na uvunje kwenye nyonga. Angalia bibi wa kijijini anavyofagia uwanja na ufagio wa chelewa, mgongo umenyooka kama meza na makalio yako nyuma, anakunja kwenye nyonga bila kufundishwa. Sisemi bibi haumwi mgongo, anaumwa sana tu maana kazi ni nyingi, ila ule mkunjo wake ni wa kuuiga. Ndoo ya kichwani hivyo hivyo, inakupangia kichwa juu ya uti vizuri lakini uzito ni uzito, gawa safari.

Kwa wanaoswali, kwenda rukuu na sijda polepole na kuinuka bila kujirusha ni nafasi unayo kila siku, na simaanishi ugeuze ibada kuwa mazoezi.

Ratiba, na kama haifanyi kazi

Wiki ya kwanza kujikagua, siku zozote unazoweza. Wiki ya pili na ya tatu saa ya nyonga, siku moja ndiyo moja hapana, na la shingo ukiwa ofisini. Baada ya hapo changanya na la kukaa na kuinuka. Somo moja lisizidi dakika 40. Uchovu wa ajabu au usingizi baada ya somo ni kawaida, hata misuli usiyoijua kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Maumivu makali, au yanayoshuka mguuni chini ya goti na kuzidi, sio kawaida, acha.

Na usiache kutembea. Masomo haya hayakupi pumzi wala nguvu za misuli, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, elimu na baadhi ya tiba za viungo, na hawapendekezi mambo kama mikanda ya kiunoni ile inayouzwa stendi. Nenda kwa miguu nusu saa, halafu lala kwenye mkeka.

Shida moja ya kweli ni kwamba huwezi kusoma haya huku umefumba macho. Chukua simu, fungua sehemu ya kurekodi sauti, jisomee somo la pili neno kwa neno, taratibu kuliko unavyodhani inatakiwa, na kila nilipoandika pumzika kaa kimya sekunde 30 nzima bila kuzima. Kama una mtu ndani ya nyumba mwenye sauti nzuri na isiyo na haraka, mwombe arekodi yeye, sauti yako mwenyewe utaanza kuicheka.